Kigeu Kiitwacho Hatia

Lalamiko lilimfikia Nyanzala Luhende kabla hajamaliza chai yake ya asubuhi. Lilitoka kwa mchezaji mmoja wa ng'ambo, ambaye ndani ya mchezo alijiita Mtemi wa Milima Saba, naye alikuwa ameliandika kwa hasira. Mchota maji wa ikulu yake ameharibika, alisema. Kila mgeni anapofika langoni, mwanamke huyo hutua ndoo, humtazama usoni na kumuuliza kama ametoka mahakamani. Mtemi alikuwa amewaalika wenzake karamuni, na wote wameulizwa swali lile lile. Alitaka mwanamke huyo atengenezwe, au aletewe mwingine.

Nyanzala alikuwa mwandishi wa skripti, yaani maagizo ambayo mashine huyafuata, katika kampuni iliyoendesha mchezo wa Enzi, na mambo ya namna hii ndiyo yaliyomlisha: mbuzi wanaopenya ukuta, milango isiyofunguka, askari wanaosahau wanampigania nani. Aliandika jina la mhusika kwenye kompyuta, na vigeu vyake vikajipanga mbele ya macho yake.

njaa = 40
utii = 0.85
jina = "Limi Buzuka"
muda = tupu
hatia = tupu

Vigeu vilikuwa majina ambayo mashine iliyatumia kumkumbuka kila mhusika, na kila jina liliruhusiwa kubeba kitu cha aina moja tu. Njaa ilibeba namba kamili, kuanzia sifuri hadi mia. Utii ulibeba desimali, kwa kuwa utii wa mtu hupanda na kushuka kidogo kidogo. Jina lilibeba maandishi. Muda ulibeba idadi ya siku zilizosalia, ukapungua kwa moja kila kukicha. Na hatia, aina nyepesi kuliko zote, ilibeba moja kati ya mawili: kweli au si kweli.

Ya Limi Buzuka haikubeba lolote. Nyanzala alidhani kompyuta imekwama, akafungua upya. Ikarudi vile vile. Tupu si thamani. Ni jina lililotajwa, kisha likasahauliwa kabla halijapewa kitu.

Kwa mbuzi au mlango jambo hilo lingekuwa la kucheka. Lakini Limi alikuwa mtu, na alikuwa amelala ghorofa ya chini ya jengo lile lile, katika ukumbi ambao zamani ulikuwa kinu cha kuchambulia pamba, kofia ya mchezo kichwani na mrija wa chakula puani. Tangu serikali ilipofunga magereza kwa kukosa nafasi na chakula, wahalifu walitumikia vifungo vyao ndani ya Enzi. Walichota maji, walifyatua matofali, walipigiwa kelele na wachezaji waliokuwa tayari kulipa zaidi ili watumikiwe na mtu mwenye roho. Hakuna aliyesema tena kwamba fulani amefungwa. Watu walisema amekwenda kinuni, na maana yake ilijulikana: amehukumiwa, yamekwisha.

Nyanzala alivaa kofia yake akaingia.

Alitokea kwenye lango la ikulu akiwa na sura ya mgeni wa kawaida. Mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani alikuwa akipandisha kilima na ndoo. Alipomwona alitua mzigo, akajifuta mikono.

"Umetoka mahakamani?"

Nyanzala akamjibu kwamba hapana, ametoka ofisini, kwa wale wanaouendesha mchezo. Limi akatikisa kichwa kama mtu aliyezoea kukosa. Alieleza bila kulalama. Alishtakiwa kwamba alichoma lundo la pamba la jirani yake. Siku aliyopelekwa kusomewa hukumu, hakimu hakufika, na askari akamwambia atangulie kinuni, hukumu itamfuata.

"Sikuchoma," alisema, "lakini hilo si juu yako, dada. Mimi namngoja aliyeibeba hukumu yangu. Nisipomuuliza kila anayepita, nitajuaje kama amepita?"

Kisha akajitwisha ndoo yake, akaomba radhi kwamba maji yanahitajika jikoni, akaenda.

*

Bwana Tungaraza, mkuu wa waandishi wa skripti, alikuwa amemfundisha Nyanzala chuoni kabla ya kumleta kinuni kumpa kazi, na hata sasa Nyanzala alimwita Mwalimu. Alimkuta akimenya chungwa juu ya gazeti. Mzee alisikiliza hadi mwisho bila kushtuka. Akafuta vidole, akafungua skripti za zamani, na kumwonyesha mistari miwili ambayo mashine iliisoma kila alfajiri mbele ya kila kitanda.

kama hatia == si_kweli: fungua(kitanda)
vinginevyo: endelea()

Nyanzala hakuhitaji kuambiwa zaidi. Aliyeandikiwa si kweli alifunguliwa. Aliyeandikiwa kweli aliendelea mpaka muda wake ufike sifuri. Asiyeandikiwa lolote hakuwa si kweli, kwa hiyo aliangukia kwenye vinginevyo, akaendelea. Na muda wake nao ulikuwa tupu, na kitu tupu hakipungui.

Tungaraza alisema ni yeye aliyeiandika. Wiki ile ya kwanza malori yalileta watu kutoka mahabusu zilizokuwa zinafungwa, na wengine hawakuwa na hukumu yoyote. Kila mara mashine ilipokuta tupu ilikwama, na watu wakabaki wamekaa juani uwanjani, wamefungwa pingu wawili wawili. Wakubwa walitaka kazi itembee kabla ya jioni. Akaandika, ikatembea. Mahakama iliahidi kwamba hukumu zitaletwa. Halafu mahakama ikahamishwa jengo, majalada yakapotea njiani, na hakuna aliyeuliza tena.

"Hukufikiri, Mwalimu, kwamba wamo wasio na kosa?"

"Nilifikiri. Lakini vinginevyo ni neno la kawaida. Kila skripti inalo."

Nyanzala akamwambia anataka kuugeuza mstari huo. Alitegemea ugomvi, na alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, lakini mzee hakumpinga. Ijumaa kulikuwa na marekebisho ya mchezo mzima. Aupachike humo, yeye ataidhinisha. Alitaka jambo moja tu.

"Mstari hauna jina la mtu," alisema. "Ukimfungulia Limi umewafungulia wote wenye tupu, wema na wabaya, na watakwenda zao, maana mahakama haina hata karatasi ya kuwaitia. Wasome majina kwanza. Usije ukasema hukuambiwa."

Nyanzala alirudi mezani kwake akaiagiza mashine imtajie kila mtu ambaye hatia yake ilikuwa tupu. Alitarajia wachache. Majina yakateremka, yakaendelea kuteremka. Wanawake wa vilabuni, wachunga ng'ombe, mwalimu wa shule ya msingi, kijana aliyeletwa akiwa na miaka kumi na sita. Alisoma polepole kwa sababu aliambiwa asome. Karibu na mwisho akakuta Gwisu Shilinde.

Aliinuka akaenda dirishani. Uwanjani, manesi walikuwa wakianika mashuka.

Mihayo, mdogo wake wa mwisho, aliuawa akitoka mnadani kuuza ng'ombe wa mama yao. Walimkuta mtaroni kando ya barabara, kichwa kimepondwa, pikipiki haipo. Pikipiki ilipatikana baadaye kwa Gwisu Shilinde, mfyatua matofali wa kijiji cha ng'ambo ya mbuga. Yeye alisema aliinunua pale pale mnadani, kwa mtu asiyemfahamu. Kesi ilitajwa mara moja. Kisha ikaja habari ya magereza kufungwa, na siku moja polisi akapita nyumbani na kumwambia mama yao kwamba Gwisu amekwenda kinuni.

Siku hiyo mama alifagia uwanja, akapika, akala. Tangu mazishi alikuwa hali ila kwa kubembelezwa. Nyanzala alipokuja kupata kazi kinuni, mama alimuuliza mara moja tu kama amemwona mtu yule, na alipojibiwa kwamba ukumbi una watu wengi, hakuuliza tena. Ilimtosha kujua kwamba yumo na kwamba aliwekwa humo na hakimu.

Hakukuwa na hakimu. Miaka yote hiyo lilikuwa neno vinginevyo.

*

Jumatano aliomba ruhusa akaenda nyumbani. Njia nzima alikuwa akipanga atakavyosema. Alimkuta mama yake, Kabula, amekaa kibarazani akipukuchua mahindi, akakaa naye wakapukuchua pamoja. Mama alizungumza habari za mvua, za jirani aliyemwoza binti yake, na mwishowe, bila kuulizwa, habari za Mihayo. Alisema siku hizi akimwota humwona anacheka. Zamani alikuwa akimwota amegeuka, anamtazama kisogo tu.

Nyanzala alichukua hindi jingine. Akamuuliza kama mahindi ya mwaka huu yameingiwa na funza.

Usiku ule alilala kitanda alicholalia utotoni, na kulipokucha alikuwa ameshayageuza mambo yote huku na huku. Angeweza kuuacha mstari kama ulivyo. Limi angeendelea kuuliza wapita njia mpaka afe kitandani pale chini. Angeweza kuingia kwenye vigeu vya Limi peke yake na kumwandikia si kweli kwa mkono. Lakini yule mwalimu wa shule ya msingi naye alikuwa kama Limi, na yule kijana, na wengine ambao hakuwa amewasikia wakiuliza. Au augeuze mstari, na Ijumaa Gwisu Shilinde aamke, apewe nguo zake, avuke mbuga aende kwake. Kutoka kibarazani kwa mama moshi wa matanuri ya kijiji kile ulionekana vizuri.

Alhamisi mchana, wenzake walipokwenda kula, aliugeuza.

kama hatia == kweli: endelea()
vinginevyo: fungua(kitanda)

Ilikuwa kazi ya dakika chache. Aliujaribu kwenye nakala, ukafanya kazi. Akabaki amekaa. Kisha akafungua vigeu vya Gwisu Shilinde, akavitazama kwa muda. Njaa yake ilikuwa ndogo. Utii wake ulikuwa mkubwa kuliko wa wahusika wote wa ukurasa ule.

Alijiambia kwamba hasemi uongo, anaandika tu jambo ambalo kila mtu analijua. Alijiambia pikipiki ilikutwa kwake. Lakini kigeu kile hakikuwa na pa kuweka habari za pikipiki, wala za mtu asiyejulikana wa mnadani, wala hakikuwa na pa kuandika huenda. Kilikubali maneno mawili. Akaandika kweli.

Mashine haikumruhusu kutoka. Mtu mwenye hatia lazima awe na muda, ilisema, na ikamwonyesha nafasi ya kujaza. Kwa mauaji waandishi walikuwa na desturi yao: waliandika hasi moja, kwa sababu ukipunguza moja kila siku kuanzia hasi moja, hufiki sifuri kamwe. Nyanzala akaandika hasi moja, akahifadhi.

Wenzake waliporudi wakamuuliza mbona hajala. Akasema hana njaa, akafunga ukurasa.

*

Ijumaa vitanda vilifunguka. Wengi waliotoka hawakuweza kusimama. Manesi waliwashika makwapani wakawatembeza uwanjani kama watoto. Baadhi walilia. Mwalimu wa shule ya msingi aliomba chaki, na alipoambiwa hakuna, akaomba kiti.

Limi Buzuka alikuwa mzee kuliko alivyoonekana ndani ya Enzi, nywele zimekuwa nyeupe kandokando. Nyanzala alimpelekea kikombe cha uji. Limi alimtambua kwa sauti, akamshika mkono, na akamuuliza lile lililomngoja ulimini.

"Nimeshinda kesi?"

Nyanzala akamweleza kadiri alivyoweza kwamba hakukuwa na kesi. Hukumu haikuandikwa, si ya kumfunga wala ya kumwachia. Mashine ilikuwa ikisoma nafasi iliyo wazi kana kwamba imeandikwa, na sasa imerekebishwa.

Limi alikunywa uji mafunda mawili. Alitazama mikono yake, ambayo haikuwa na sugu hata moja, ingawa alikuwa amebeba maji kwa miaka.

"Basi nilikuwa nafanya nini mle?" aliuliza.

Nyanzala akamjazia kikombe tena. Dada yake Limi alikuja kumchukua jioni. Mumewe alikuwa ameoa mke mwingine na kuhamia Kahama, na dada mtu alimwambia habari hiyo hapo hapo uwanjani ili asije akaisikia njiani. Limi alisema ni sawa, mtu hawezi kukaa bila kupikiwa. Akaondoka amejitanda khanga ya dada yake, na hakugeuka.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Habari zilienea kwamba kinu kilikuwa kimeweka watu wasiohukumiwa, na kila mkubwa aliyekuwa na kiti alitafuta mahali pa kukiegemeza. Wakaguzi walikuja, wakamsifu Nyanzala mbele ya wenzake. Mahakama, ili isiaibike tena, iliomba kampuni iitumie thamani za vigeu vya hatia vya watu wote waliobaki, ijazie majalada yaliyopotea. Waliyemkuta na kweli walimwandikia hukumu kwa tarehe ile kigeu kilipojazwa, wakagonga muhuri. Hukumu ya Gwisu Shilinde ikawa ya Alhamisi, ya mwezi ule ule.

Bwana Tungaraza alimwita siku wakaguzi walipoondoka. Safari hii hakuwa na chungwa. Alimwambia akae, akafunga mlango mwenyewe.

"Gwisu Shilinde alikuwa tupu," alisema. "Mimi nilikuwa mazikoni kwa Mihayo, Nyanzala. Nilibeba jeneza."

Nyanzala alisema anajua.

Mzee akamwambia hatasema kwa mtu, na asidhani ni huruma. Wakichimba mkono uliojaza kigeu kile, watachimba pia ule ulioandika vinginevyo, na yeye ana miaka miwili kabla ya kustaafu. Alizungumza kwa upole, kama alivyokuwa akizungumza darasani mwanafunzi alipokosea kitu kidogo.

"Niliandika mstari usiomjua mtu. Ni dhambi, nitaibeba. Lakini wewe umemwandika mtu."

*

Ilimchukua wiki nzima kuvaa kofia. Aliingia Enzi mchana, saa za kazi, kama mtu anayekwenda kukagua mlango mbovu.

Gwisu alikuwa mfyatua matofali humo kama alivyokuwa nje. Mtemi mmoja alikuwa anajenga ukuta mrefu usiozunguka kitu chochote, na watumishi wake walipanga matofali mabichi juani. Alikuwa mtu mfupi, mpole wa macho, matope yamemfika kwenye viwiko. Alipomwona mgeni alipiga goti kama skripti ilivyomtaka, na alipoambiwa ainuke akainuka.

Alisema, kabla hajaulizwa, kwamba wenzake wamekwenda. Wakati mwingine walikuwa wakikutana kisimani na Limi, na yule mwalimu, na wengine waliokuwa wakisubiri kusomewa. Sasa hawaonekani. Yeye amebaki, kwa hiyo anadhani yake imesomwa.

"Imesomwa," Nyanzala alisema.

"Inasemaje?"

"Kweli."

Gwisu aliinamia kibao chake cha kufyatulia. Alisawazisha udongo kwa kiganja, akakata uliozidi, akageuza. Tofali likatoka zima. Akauliza kama walimpata yule mtu aliyemuuzia pikipiki. Nyanzala akasema hapana.

"Ningependa kujua waliona nini," alisema Gwisu. "Si kwa ubishi. Ni kwamba nimekaa humu muda mrefu nikiambiwa nimetenda, na ziko siku najiona nimesimama pale mtaroni. Hata sura ya marehemu naiona. Sasa sijui kama ni kumbukumbu au ni nini. Nilidhani hakimu atanisaidia."

Nyanzala alitafuta katika uso ule kitu cha kuchukia. Alikuwa amekuja na chuki ya kutosha, na hakuona pa kuitua. Inawezekana mtu huyu alimpiga Mihayo kichwani. Inawezekana pia hajawahi kumwona. Hakuna aliyejua, na hakuna ambaye angepewa tena nafasi ya kujua, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa limeshajibiwa.

"Mimi ni dada yake Mihayo," alisema.

Gwisu aliacha kazi. Alijifuta mikono kwenye nguo, ingawa matope ya Enzi hayafutiki, akaja mbele yake, na bila skripti kumwambia akainamisha kichwa.

"Pole sana, dada. Sikupata nafasi ya kuwapa pole."

Nyanzala alivua kofia. Alikuwa kwenye kiti chake, mezani kwake, na mwenzake wa meza ya pili alikuwa akimuuliza kama ana kalamu.

Alijaribu kufungua kigeu kile. Mashine ikamwambia hukumu iliyogongwa muhuri wa mahakama haibadilishwi isipokuwa kwa rufaa. Rufaa ilihitaji jalada la kesi, na jalada halikuwapo. Badala yake palikuwa na neno moja tu, alilolijaza yeye. Ilibaki njia moja, nayo ilikuwa wazi kama barabara: asimame mbele ya msajili wa mahakama na kusema, ni mimi niliyeandika. Aliamua atakwenda Jumatatu. Lakini mama yake asije akayasikia redioni au kwa majirani. Atamwambia yeye kwanza. Jumamosi akaenda nyumbani.

*

Mama hakuwa kibarazani. Alikuwa ndani, amelala mchana, jambo ambalo si la kawaida yake, na jiko lilikuwa la baridi. Jirani alimpokea Nyanzala mlangoni na kumnong'oneza kwamba mama hajala tangu juzi. Amesikia kwamba watu wa kinuni wameachiwa, kwamba hawakuhukumiwa, na tangu hapo anakaa dirishani kutazama ng'ambo ya mbuga. Usiku amesogeza kinu cha kutwangia kikazuia mlango.

Nyanzala aliketi ukingoni mwa kitanda. Mkono wa mama yake ulikuwa mwepesi kama ganda la karanga.

"Mayu, nimekuja."

Mama alifumbua macho. Hakusalimia. "Ametoka?"

"Hajatoka."

"Wanasema wametoka wote ambao hawakuhukumiwa."

"Ndiyo. Yeye hajatoka."

Mama alijiinua kwenye kiwiko na kumtazama usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayepima pishi ya nafaka. Nyanzala alikuwa na maneno yote tayari. Alikuwa ameyarudia kwa sauti njiani, mpaka mpita njia mmoja akadhani anaitwa.

"Kwa hiyo alihukumiwa," mama alisema.

Jirani alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya maji. Nje kuku walikuwa wakiparua.

"Alihukumiwa, mayu."

"Na hakimu gani?"

"Jina lake halikuandikwa."

Mama alijilaza tena. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, na hakuyafuta. Alikaa hivyo mpaka pumzi zake zikatulia. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupona, kwamba anaona njaa, na jirani akaenda kuwasha moto.

"Mungu anamjua huyo hakimu, hata kama hakuandikwa," mama alisema. "Hajui alivyonipumzisha. Mungu amzidishie siku, amlinde na watoto wake, na siku yake ikifika, ahukumiwe kama alivyohukumu."

Akamgeukia bintiye, akangoja.

"Amina," alisema Nyanzala.

Alipika ugali na mlenda, akamlisha mama yake kwa mkono, tonge baada ya tonge, na mama akala akamaliza. Kabla ya kuondoka alirudisha kinu mahali pake uani. Na Jumatatu alikwenda kazini, ambako lalamiko jipya lilikuwa limeshafika mezani: tajiri mmoja alitaka ukuta wake umalizike upesi, na akaomba mfyatua matofali apunguziwe usingizi.